Kisia, pima, linganisha: mwongozo wa kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi kazini Malindi

Mwanafunzi wa uhandisi akipelekwa kiwandani bila swali, hurudi na picha za simu na kumbukumbu ya kelele. Akipelekwa na hesabu aliyoifanya mwenyewe, akiwa amekisia mota itavuta ampia ngapi, halafu klampu mita (kifaa kinachobana waya na kusoma ampia) ikasoma namba nyingine, hapo huuliza "kwa nini?" na hatulii mpaka ajibiwe. Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo moja: kisio kabla ya safari, kipimo kazini, ulinganisho baada ya kurudi. Unawahusu wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya Malindi na jirani zake, wa mitambo na wa umeme hasa, wenye darasa la watu 20 hadi 30, basi moja na vifaa vichache.

Ziara tunayoizungumzia ni ya siku moja. Haichukui nafasi ya yale mafunzo ya viwandani ya wiki nyingi yaliyo chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Kazi yake ni kumfanya mwanafunzi afike huko akijua kuisoma mashine.

Hatua ya 1: Swali kwanza, mahali baadaye

Kosa linaloharibu ziara nyingi hufanyika wiki kadhaa kabla basi halijawashwa. Mkufunzi huchagua kiwanda kwa kuwa ni kikubwa, au kwa kuwa anafahamiana na meneja, halafu ndipo anatafuta cha kufundisha. Geuza utaratibu huo. Chukua somo mlilo nalo muhula huu na utoe swali ambalo jibu lake ni namba. Namba hiyo iweze kupimwa kwa vifaa mlivyo navyo, na kipimo kimalizike ndani ya saa mbili.

Malindi haina uhaba wa mahali. Mashamba ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni na Marereni, ng'ambo ya mto Sabaki, ni darasa zima la pampu, densiti, uvukizaji na kutu. Mtambo wa umeme wa jua wa Langobaya ulioanza kazi mwaka 2021 una paneli za megawati 52 lakini uwezo wake wa kuingiza kwenye gridi ni megawati 40. Mwambie mwanafunzi wa umeme aeleze kwa nini mbunifu alikubali tofauti hiyo, na atajikuta anasoma habari za joto la paneli, vumbi, na ukubwa wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi) kwa wiki nzima. Huko Baricho, maji ya kunywa ya Malindi na Mombasa huchotwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kando ya Sabaki. Kwa nini wasinyonye mtoni moja kwa moja? Aliyeiona bahari ya Malindi ilivyo nyekundu mto unapofurika ana nusu ya jibu. Nusu iliyobaki mtake ailete kwa gramu: achote lita 1 ya maji ya mto, ayachuje kwa karatasi iliyopimwa uzito, aikaushe, aipime tena.

Wala msizidharau karakana ndogo. Gereji ya injini za boti ufukweni, yenye fundi mmoja na vijana wawili, humfundisha mwanafunzi mengi ambayo kiwanda kikubwa humficha nyuma ya uzio na mabango. Mashine iko wazi, fundi ana nafasi ya kusema, na mnaweza kurudi wiki ijayo kwa miguu.

Siku moja, mahali pamoja. Barabara ya Gongoni inakaribia Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na wanafunzi wataomba mpitie kutazama. Wapangieni siku nyingine. Ziara ya mahali pawili hula saa za kupima, na zinazobaki ni za kutembea tu.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inatumia shamba la chumvi kama mfano, kwa kuwa swali lake moja la pampu linagusa mitambo, umeme na kemia kwa pamoja.

Hatua ya 2: Mkufunzi atangulie peke yake

Nenda wiki tatu au nne kabla, ukiwa na daftari. Omba kuonana na fundi anayezitunza pampu, maana meneja atakupa ruhusa lakini fundi ndiye atakayekupa habari. Nakili kila kilichoandikwa kwenye bamba la mota: kilowati, volti, ampia, mizunguko kwa dakika, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli). Nakili na bamba la pampu ikiwa halijaliwa na kutu. Pima kwa futi kamba kimo kutoka uso wa maji hadi mdomo wa bomba la kutolea. Hesabu ni watu wangapi wanaweza kusimama kwenye banda la pampu bila kugusana na shafti (mhimili unaozunguka). Mara nyingi ni 5 au 6, na hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa makundi yenu. Angalia pia choo, kivuli, maji ya kunywa, na mahali pa kuswalia.

Swali ambalo wengi hulisahau: pampu hii hufanya kazi saa ngapi? Pampu inayonyonya kwenye mkondo wa bahari hungoja maji yajae. Katika pwani yetu, siku za bamvua (mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Ukiwafikisha wanafunzi saa tatu asubuhi siku ya bamvua, watakuta mkondo ni tope na mota imelala. Chukua jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Limetengenezwa kwa Kilindini, na saa za Malindi hazipishani nalo sana. Panga siku ambayo asubuhi mtapima pampu za ndani, zinazohamisha maji ya chumvi kutoka bwawa hadi bwawa, na alasiri mtapima pampu ya baharini maji yakipanda.

Msimu nao una neno. Mvua za masika huzimua mabwawa na kusimamisha uvunaji. Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, ndio wakati wa kuona kila hatua kuanzia maji ya bahari hadi lundo la chumvi. Siku za wiki zinazofaa ni Jumatatu hadi Alhamisi, kwani Ijumaa hukatika katikati. Katika mwezi wa Ramadhani chagueni karakana ya karibu yenye kivuli, mmalize kabla ya adhuhuri.

Hatua ya 3: Barua isemayo kitu

Barua ya "tunaomba kutembelea kiwanda chenu kwa ajili ya kujifunza" hukaa mezani. Meneja anahofia mambo matatu: ajali, kazi kusimama, na siri za biashara kutoka nje. Mjibu yote matatu kabla hajauliza. Barua ya ukurasa mmoja iwe na:

- idadi ya wanafunzi, kiwango chao, na wakufunzi wangapi watakuwepo (mmoja kwa kila wanafunzi 10 ndio ulinzi wa kutosha);
- mashine mnazotaka kuzipima, kwa majina, na vipimo vyenyewe;
- kauli kwamba paneli ya umeme itafunguliwa na fundi umeme wa kiwanda peke yake;
- kauli kwamba hamtauliza kiasi cha uzalishaji wala bei, na picha zitapigwa pale tu mtakaporuhusiwa;
- nakala ya bima ya wanafunzi;
- ahadi ya kuwaletea matokeo ya vipimo ndani ya wiki mbili.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua malango. Viwanda vingi havijapima ufanisi wa pampu zao tangu zilipofungwa, na mwenye kiwanda anayelipa bili ya umeme kila mwezi atapenda kujua.

Hatua ya 4: Kisio, darasani, kwa kalamu

Tengeni vipindi viwili. Kila mwanafunzi aandike kisio chake mwenyewe, atie sahihi na tarehe, na mkufunzi ayakusanye. Asiyekisia asipande basi. Ni sharti kali, lakini ukililegeza mara moja, wenzake wote watafika kiwandani mikono mitupu.

Tuchukue mfano huu. Pampu ya sentrifugali (inayorusha maji kwa gurudumu la ndani, yaani impela) inanyonya maji ya bahari, mita za ujazo 300 kwa saa. Kimo cha kuinua ni mita 4, na msuguano wa bomba unakula sawa na mita 1 nyingine, jumla mita 5. Densiti ya maji ya bahari ni kilo 1,025 kwa mita ya ujazo.

Mita za ujazo 300 kwa saa ni 0.0833 kwa sekunde. Nguvu inayoingia majini ni 1,025 × 9.81 × 0.0833 × 5, karibu wati 4,190. Ufanisi wa pampu ukiwa asilimia 65, shafti inahitaji kilowati 6.4. Mota ya ufanisi wa asilimia 88 itavuta kilowati 7.3 kutoka kwenye laini. Kwa umeme wa fezi tatu wa volti 415 na pawa fakta 0.85, gawanya 7,320 kwa (1.732 × 415 × 0.85), upate ampia 12. Mota iliyoandikwa kilowati 7.5 kwenye bamba inaibeba kazi hiyo bila shida.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenye utamu. Pampu ileile ikihamishiwa bwawa la mwisho, maji ni mazito zaidi. Kwenye mashamba ya chumvi uzito huo husomwa kwa digrii za Baumé, na hesabu yake ni 145 kugawanywa kwa (145 kutoa digrii). Maji ya bahari ni kama digrii 3.5, yaani densiti 1.025 ukilinganisha na maji matamu. Chumvi huanza kuganda karibu na digrii 25.5, densiti 1.213. Kwa ujazo uleule na kimo kilekile, mzigo unaongezeka kwa asilimia 18, na ampia 12 zinakuwa 14.2. Kwa mota ya kilowati 7.5 hapo tayari ni mpakani, na volti zikishuka kidogo mchana, kizuia mzigo kinakata. Mwanafunzi aliyeifikia hesabu hii darasani atakapomsikia fundi akilalamika kwamba pampu za mwisho "zinajizima zenyewe", atakuwa na la kumwambia.

Mwisho, waulize swali la mtego: maji ya bahari yakipwa na kimo kikawa kikubwa zaidi, ampia zitapanda au zitashuka? Karibu wote watasema zitapanda. Waacheni na jibu lao, walibebe mpaka huko.

Hatua ya 5: Makundi, vifaa, mavazi

Makundi ya watu 5 au 6. Kila kundi liwe na mpimaji, mwandishi, mshika saa, mchoraji wa mpangilio wa mabomba, na muulizaji. Wabadilishane kila mashine, la sivyo yule yule hodari atashika klampu kutwa nzima.

Kwa kila kundi: futi kamba ya mita 10 au zaidi, saa ya kusimamisha (ya simu yatosha), kipimajoto, haidromita ya Baumé (kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maji) ya 0 hadi 35 na mrija wake mrefu, daftari lenye jalada gumu na penseli mbili. Wino wa kalamu huyeyuka maji ya chumvi yakiirukia karatasi. Klampu mita moja au mbili zinatosha darasa zima. Vifaa vya chuma vioshwe kwa maji matamu jioni ileile. Klampu iliyolala na chumvi kwenye taya zake haitafunga sawasawa mwezi ujao, na itasoma pungufu.

Miguuni, buti za mpira ndefu. Buti za ngozi za karakana huharibiwa na maji ya chumvi kwa siku moja, na mwenye mchubuko mguuni atapata maumivu makali. Miwani ya jua ni lazima, kwa kuwa lundo la chumvi hurudisha mwanga machoni vikali. Helmeti na rifleka kama kiwanda kinavyotaka. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu.

Nguo zinazopepea hazikaribii shafti inayozunguka. Hilo lisemwe wazi siku chache kabla, na kwa heshima. Wasichana wavae ovaroli juu ya suruali, na hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya kola. Buibui, mtandio na leso vibaki ndani ya basi. Wavulana nao wavue tai, mikufu na kanzu. Ukiyasema haya mlangoni mwa kiwanda utamwaibisha mtu mbele za wenzake, na pengine atakosa ziara nzima.

Kwenye banda lenye jenereta, vaeni vizuia masikio. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Banda la injini ya dizeli linaweza kuvuka hapo kwa urahisi. Kanuni fupi ya kuwapa wanafunzi: ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, funga masikio.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mkifika, salamu kwanza. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya chumvi ni watu wazima, na kijana anayemfikia mzee kwa "hii ni pampu gani?" bila shikamoo amejifungia mlango. Maelezo ya usalama ya kiwanda yasikilizwe na wote, mkufunzi akiwemo. Mwenye kiwanda ana wajibu wa usalama wenu chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na nanyi mna wajibu wa kufuata.

Kupima ampia. Fundi umeme wa kiwanda afungue paneli, aweke klampu, mwanafunzi asome kutoka nyuma yake. Klampu izunguke waya mmoja tu. Ikizunguka kebo nzima ya fezi tatu itasoma sifuri au karibu na sifuri, na kuna mwanafunzi atakayeandika "mota haivuti umeme". Acheni aandike, kisha mwulizeni pampu inazungushwa na nini. Someni fezi zote tatu, pamoja na volti kati ya fezi na fezi. Volti zikitofautiana kwa asilimia 1 tu, ampia zinaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10, na mota ikapata joto bila sababu kuonekana.

Kupima mtiririko. Pampu nyingi hazina mita ya maji, lakini hutolea kwenye mfereji, na mfereji hupimika. Chagueni kipande kilichonyooka cha mita 10, pimeni upana na kina sehemu tatu, mchukue wastani. Tupeni kielea, mpime muda. Chungwa ni kielea kizuri kwenye maji ya bahari, kwa kuwa sehemu kubwa yake huzama na upepo hauishiki. Kwenye maji mazito ya mabwawa ya mwisho huelea juu mno, kusi au kaskazi ikalisukuma. Huko tumieni chupa ya plastiki iliyojazwa karibu yote na maji ya bwawa lenyewe. Rudieni mara tano. Kasi ya juu zidisheni kwa 0.85 kupata kasi ya wastani.

Kwa mfano wetu, mfereji wa upana wa mita 0.8 na kina cha mita 0.3 una eneo la mita za mraba 0.24. Pampu ikitoa 300 kwa saa kama bamba lisemavyo, chungwa litamaliza mita 10 kwa sekunde 24 na nusu.

Kupima densiti. Jazeni mrija, simameni mahali pasipo na upepo, subirini haidromita itulie bila kugusa ukuta, someni kwenye mstari wa chini wa uso wa maji. Hapohapo pimeni joto. Haidromita hutengenezwa kwa joto fulani, ambalo huandikwa kwenye shingo yake, mara nyingi 15 au 20. Maji ya bwawa saa nane mchana yanaweza kuzidi nyuzi 35, na kila nyuzi 10 za ziada hushusha usomaji kwa karibu nusu digrii ya Baumé. Kundi lisilopima joto litasema bwawa lina digrii 25 na kushangaa chumvi inaganda.

Tembeeni mabwawa kwa mpangilio wake, mkipima kila moja. Mtaona kwamba jasi huganda kabla ya chumvi, maji yakiwa yamebaki kama moja ya tano ya ujazo wake. Chumvi ya mezani hufuata yakibaki moja ya kumi. Karibu na digrii 29 au 30 maji yaliyobaki humwagwa, kwani magnesiamu iliyomo huifanya chumvi iwe chungu na yenye kunyonya unyevu. Mita ya ujazo ya maji ya bahari hubeba chumvi ya mezani kama kilo 28. Kilo hizo zizidisheni kwa mtiririko mlioupima, kisha mwulizeni fundi zinazopotea hupotelea wapi. Kwenye ardhi ya mabwawa? Kwenye maji yanayomwagwa? Majibu hapa ni ya watu waliolishika koleo kwa miaka, na hayamo kitabuni.

Maswali kwa fundi. Msiulize "inafanyaje kazi?", hilo mlisome nyumbani. Ulizeni mashine hii ilisimama lini mara ya mwisho, na mlijuaje ina tatizo: kwa sikio, kwa mkono, au kwa mita? Na kama mna nafasi ya swali moja tu, ombeni kuona stoo ya spea. Stoo husema ukweli wote kuhusu mazingira ya kazi. Mkikuta rafu imejaa mikanda, beringi, sili za shafti na impela za shaba, lakini mota hakuna hata moja, mmeshajua kinachokufa mara kwa mara na kinachodumu, na swali linalofuata linakuja lenyewe.

Hatua ya 7: Namba zinapokataa kulingana

Hapa ndipo mkae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kaeni chini ya mti kabla ya kupanda basi, mrudishe visio kwa wenyewe, kila mmoja aandike kipimo kando ya kisio chake.

Tuseme chungwa limetumia sekunde 31. Kasi ya juu ni 0.323, ya wastani 0.274, na mtiririko ni mita za ujazo 237 kwa saa. Bamba lilisema 300. Zimepotea 63, zaidi ya moja ya tano. Kabla ya kulaumu pampu, laumuni vipimo: kina cha mfereji kimepimwa kwenye tope au juu yake? Upepo ulielekea wapi? Vipimo vikisimama, tazameni ampia.

Mtiririko umeshuka na ampia zimeshuka pia, mathalani hadi 10.5: kuna kizuizi. Kagueni chujio la bomba la kunyonyea, ambako chaza na mwani hujishikiza, au vali isiyofunguka yote. Mtiririko umeshuka lakini ampia ni zilezile au zimezidi: impela au pete zake zimelika, maji yanazunguka ndani ya pampu na umeme unaliwa bure. Mtiririko unapanda na kushuka, sindano ya ampia nayo inacheza: hewa inaingia upande wa kunyonya, mara nyingi kwenye sili au kiungo cha bomba. Paka povu la sabuni. Upande huo haupulizi bali unanyonya, kwa hiyo tazameni povu linapovutwa ndani. Sauti kama kokoto zinazogongana ndani ya pampu isiyo na kokoto: kimo cha kunyonya ni kikubwa mno, maji yanachemka kwa presha ndogo na mapovu yanapasukia kwenye impela.

Na lile swali la mtego: pampu ya sentrifugali ya kawaida, kimo kikiongezeka, hutoa maji machache zaidi, na kazi inayofanya kwa jumla hupungua. Ampia hushuka. Ndiyo maana huwashwa vali ya kutolea ikiwa imefungwa. Pampu ya aina ya panga (propela), inayotumika kuinua maji mengi kwa kimo kidogo, huenda kinyume: ifunge vali na mota inaweza kuungua. Mwanafunzi aliyekosea kisio hili chini ya mti hatakuja kulisahau akiwa kazini.

Maswali mengine mawili ya karibu

Mtambo wa barafu. Kisio: tani 1 ya barafu inakula umeme kiasi gani? Maji ya nyuzi 28 kushushwa hadi sifuri ni megajuli 117, kugandishwa 334, barafu kushushwa hadi nyuzi 5 chini ya sifuri 10 na nusu. Jumla 462, sawa na kilowati-saa 128 za joto. Mtambo unaohamisha vizio 2.5 vya joto kwa kizio 1 cha umeme utatumia kama 51. Someni mita ya umeme mwanzo na mwisho wa zamu, gawanyeni kwa tani zilizotoka. Mkipata 80, tafuteni: kondensa iliyozibwa na chumvi na vumbi, sponji ya bomba iliyooza, mlango usiofunga. Kama mtambo unatumia amonia, ulizeni kwanza upepo unaelekea wapi na njia ya kutokea iko wapi. Asiyeyajua hayo asiingie.

Gereji ya injini za boti. Pimeni mgandamizo wa kila silinda kwa geji, injini ikiwa imepashwa moto, plagi zote zimetolewa na mkono wa mafuta (throtoli) umefunguliwa wote. Kati ya silinda na silinda tofauti isizidi asilimia 10 hadi 15. Ikizidi, pete za pistoni au gasketi. Pimeni uzito wa kipande cha zinki kilichofungwa chini ya injini, mlinganishe na kipya: kikipoteza nusu, hubadilishwa. Zinki iliyopakwa rangi hailindi kitu, na kosa hilo hufanywa na watu wanaotaka injini ipendeze. Kwa injini za viharusi viwili, mwache mwanafunzi achanganye mafuta mwenyewe kwa 50 kwa 1: mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Akizidisha, plagi itazibwa na masizi. Akipunguza, pistoni itakwama.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi

Ripoti iandikwe ndani ya siku tatu, kurasa tatu zisizozidi: kisio, kipimo, tofauti kwa asilimia, sababu tatu zinazowezekana kwa mpangilio wa nguvu, na kipimo kimoja ambacho kingezitenganisha sababu hizo. Historia ya kiwanda na shukrani za ukurasa mzima zisipewe alama. Karatasi ya kisio yenye sahihi iambatanishwe bila kusahihishwa, na yote yaingie kwenye faili ya ushahidi wa umahiri wa mwanafunzi. Alama zitolewe kwa ubora wa maelezo ya tofauti. Aliyekisia 12 akapima 12 bila kueleza lolote asimpite aliyekosea kwa theluthi akafuatilia mpaka kwenye chujio.

Kwa kiwanda, pelekeni karatasi moja. Juu yake jedwali la kila pampu: ampia za fezi tatu, volti, mtiririko uliopimwa, ufanisi uliokadiriwa. Chini yake, mistari miwili au mitatu kwa Kiswahili ambacho mhudumu wa pampu atakisoma mwenyewe: pampu ipi ikaguliwe kwanza, na sehemu gani. Ipelekwe kwa mkono na mwanafunzi mmoja wa kila kundi, nakala moja kwa meneja na nyingine kwa fundi. Mwombeni fundi, atakapoifungua pampu hiyo, awapigie simu ili wawili watatu waende kuona ndani mna nini.